Kengele Zilizozibwa kwa Pamba

Mama alinipa njia ya kukataa, nami sikuitumia. Aliniambia asubuhi, akiwa ameinama juu ya chungu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kunitazama: "Kwetu mtoto haitwi kikaoni. Wakikuita, nyamaza. Hakuna mzee atakayekulazimisha." Nilikuwa na miaka kama kumi, na kunyamaza ni kazi ambayo hata mtoto wa mwaka mmoja anaiweza akishiba. Nikaenda, nikasimama katikati ya wazee, nikafungua mdomo.

Watoto wangu wakisikia habari hii huniambia, "Baba, ulikuwa mtoto." Wanasema kwa upendo, nami nalikataa neno hilo kila linapoletwa. Mtoto anavunja chungu, mtoto anasahau mbuzi mashambani. Mimi sikusahau wala sikuteleza. Nilijua ninalolifanya na nilijua nalifanya kwa nini. Msamaha ambao sikuuomba, kutoka kwa watu ambao sikuwakosea, siutaki.

Habari yenyewe ilirudi juzijuzi kwa njia ya pua. Binti yangu mkubwa, Neema, alitukodia nyumba ya mbao upande wa Meatu, kule mashamba yanakoishia na pori la akiba linakoanza. Siku tatu, alisema, Baba apumzike, wajukuu waone swala. Nyumba nzuri, imeinuliwa juu ya nguzo, ina ngazi na kibaraza cha kukalia. Nilipanda ngazi mbili, nikafika ya tatu, jua likiwa limezipiga zile mbao tangu asubuhi, na harufu ya oili chafu ikanipanda kichwani. Ninyi wa rika langu mnaijua. Mbao zisiliwe na mchwa, zinapakwa oili iliyotolewa kwenye injini, na kila kiangazi jua likikaza ile harufu inatoka upya kama jasho.

Nikashuka. Nikamwambia Neema mimi nitalala kwenye gari.

Alibembeleza, mumewe akabembeleza, mlinzi wa mahali pale akaja kusema chumba kimelipiwa na hakirudishwi. Nikamwambia mlinzi basi akalale yeye. Nilikaa siku zote tatu kwenye kiti nje, na usiku kwenye gari, miguu ikiwa imekunjwa kama ya panzi. Alasiri ya pili watoto wa pale jirani walipitisha ng'ombe karibu na uzio, yule mlinzi akaanza kukimbia na fimbo kuwafukuza wasisumbue wageni. Nikamwita. Nikamwambia mgeni ni mimi na mimi sijasumbuliwa, awaache wapite. Alinitazama kama mtu aliyeharibikiwa. Sikujali. Neema akaja kukaa chini karibu na kiti changu, akaniuliza, nikamsimulia. Sasa nawasimulia na ninyi.

Kwetu ni Nkololo. Wakati ule palikuwa na nyumba moja tu ya mbao katika upande wetu wote, na ilikuwa ya baba yangu, ingawa si yeye aliyeijenga. Ilijengwa na fundi mmoja wa mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba, mgeni kutoka nchi nyingine, aliyependa kuja Jumamosi kukaa peke yake kwenye kilima chetu chenye mawe na kutazama tu. Baba alikuwa mlinzi wake. Yule bwana alipoitwa kwao, alimwachia Baba ufunguo na debe moja la oili chafu, akamwambia asiache kupaka. Baba hakuacha. Nyumba yetu ya kuishi ilikuwa ya udongo na nyasi na ilivuja, lakini ile ya mbao ilipakwa kila kiangazi, na hakuna aliyeruhusiwa kulala ndani.

Halafu Baba akapata wazo. Alikuwa amesikia mjini kwamba watu wa Mwanza wenye uwezo hupenda kwenda mashambani kukaa bila kufanya kazi, na kwamba hulipia. Majirani walicheka sana. Mtu aje alipe ili akae? Sisi tulikaa bure maisha yetu yote. Lakini kiangazi kile alikuja kweli mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mwanza, Bwana Hamisi, na mkewe tuliyemwita Mama Rehema, wakakodi nyumba ya mbao kwa mwezi mzima. Walikuja na Landrova, godoro lililoviringishwa, makopo, na kiti kirefu cha turubai ambacho mtu anakilalia mchana huku macho yako wazi.

Mimi niliwekwa kwenye kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, niwachemshie maji na kuwaletea kuni. Nilichaguliwa kwa sababu nilijua Kiswahili cha shule. Kaka yangu Maduhu, aliyenizidi miaka saba hivi, hakusoma. Sisi tulikuwa wavulana wawili tu, ng'ombe walikuwepo, na mmoja ilibidi awafuate ili mwingine aende darasani. Hakuna aliyetuuliza. Yeye alipewa fimbo, mimi nikapewa kibao cha kuandikia, na jioni alikuwa akinikalisha kwenye jiwe karibu na zizi nimsomee kilichoandikwa kwenye magunia ya pamba, kisha anasema, "Haya, kumbe gunia linaongea," na kunipiga kofi dogo la kisogo.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, ambalo ni la kuchekesha. Niliamini Mama Rehema ni mgonjwa. Niliambiwa wamekuja kupumzika, na watu pekee niliowahi kuona wakiambiwa wapumzike ni wale waliotoka zahanati. Mtu mzima mwenye afya alilala mchana? Kwetu hapana. Yeye alilala mchana kwenye kiti cha turubai, kitambaa chepesi usoni. Alikula mayai, na mayai kwetu yalikuwa chakula cha wagonjwa na wanawake waliojifungua. Alitembea polepole bila kubeba kitu, akasimama, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, kama wanavyofanya watu wenye kifua. Alipozitazama nyasi zilizozunguka kilima, macho yake yalijaa maji, nikasema moyoni, huyu anaaga.

Nyasi zile zilikuwa ngitili. Kwa asiyejua: mvua zinapoanza, familia kadhaa hukubaliana eneo moja lisiingiwe na mfugo wowote. Nyasi zinakua, zinafika kiunoni, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza hadi ardhi yote imebaki vumbi, ndipo wazee wanafungua, na wa kwanza kuingizwa ni ng'ombe waliozaa, ndama, na maksai wa kulimia. Ngitili ndiyo inayotofautisha zizi lenye maziwa na zizi lenye mifupa. Ya kwetu ilikizunguka kilima chenye nyumba ya mbao, na mwaka ule zamu ya kuishika ilikuwa ya Baba.

Siku ya kufungua ilipofika, Baba aliwaomba wazee wasubiri. Aliwaambia watu wa mjini hawawezi kukaa na inzi, harufu ya mavi, na kengele zinazogonga kutwa. "Hawa wamelipia hewa safi," alisema, na akasema pia mwezi mmoja si mwaka. Wazee walinung'unika, wakakubali, kwa kuwa Baba alikuwa mtu wa heshima na hawakuzoea kumwona akiomba. Hivyo ngitili ikabaki imefungwa na ng'ombe wakabaki nje, wakilamba vumbi, wakizitazama nyasi ng'ambo ya mpaka.

Kulikuwa na jambo lingine, na hili linanihusu. Bwana Hamisi alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko. Jioni moja alinipa kipande cha gazeti nikisome, nikasoma chote bila kukwama. Akamwambia Baba, "Huyu akimaliza darasa la nne, mlete Mwanza. Atakaa kwangu, asome mpaka mwisho." Tulipokuwa tukiteremka kilima Baba alinishika bega, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasema, "Umeiona ile nyumba? Ile ndiyo shule yako. Hakikisha hawapati usumbufu." Toka siku ile nilijiona mlinzi. Nilifukuza mbuzi, nilifukuza mbwa, nilifukuza hata kanga. Mama Rehema alinipa mkate uliopakwa siagi ya kopo, na niliula nikiwa nimesimama nyuma ya jiko ili mtu mwingine asiuone.

Alfajiri moja nilitoka kutafuta kuni, nikawaona ng'ombe wetu ndani ya ngitili. Kilichonishtua ni ukimya. Maksai wanne, yule jike wa kijivu aliyezaa majuma mawili kabla, na ndama wake, wote wanakula kwa haraka kama watu waliofungua mfungo, na hakuna kengele inayolia. Nikasogea. Kila kengele ilikuwa imejazwa pamba. Pamba yetu, ya mavuno yaliyopita, imesokotwa na kusindiliwa ndani mpaka ulimi wa kengele hausogei.

Maduhu alikuwa ameegemea fimbo yake, mguu mmoja umepumzishwa kwenye goti la mwingine.

"Unashangaa nini?" akaniuliza.

Nikamwambia Baba amesema mpaka wageni waondoke.

"Baba amesema. Na huyu amesema nini?" Akamvuta yule jike wa kijivu kwa pembe, akamgeuza ubavu. "Wewe si ndiye msomi. Zihesabu."

Sikuhitaji kuzihesabu. Ngozi ilikuwa imelala juu ya mbavu kama nguo iliyoanikwa kwenye fito. Ndama alikuwa akigonga kiwele kwa kichwa, maziwa yanatoka kidogo, anagonga tena.

Nikasema yule mama ni mgonjwa, na harufu ikimfikia atakufa.

Maduhu alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Mgonjwa anayekula mayai matatu asubuhi?"

"Mayai ni ya wagonjwa."

"Basi Mungu aniletee huo ugonjwa." Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mdogo wangu. Nyasi hizi zimetunzwa kwa ajili ya matumbo, si kwa ajili ya macho ya mtu. Mimi sikuombi unifiche. Ukitaka kusema, sema. Lakini ukisema, sema na mbavu."

Nilikaa na siri ile siku kadhaa. Mama alikuwa anajua pia, nina hakika, kwa sababu maziwa yaliongezeka na hakuuliza. Halafu mzee mmoja aliyeitwa Njile, jirani yetu mwenye ulimi mkali, akaona nyasi zilizoliwa na kinyesi kibichi, akapeleka habari kwa wazee. Kikao kikaitwa kwenye uwanja wa mazizi. Jioni ile kabla ya kikao Baba alikuja kwangu jikoni. Alikuwa na hakika ni vijana wa Njile mwenyewe, na kwamba Njile ametangulia kulalamika ili kujikinga. Akaniuliza kama nimeona aliyeingiza ng'ombe. Nikasema nimeona. Hakuuliza ni nani. Alisema, "Usiniambie mimi, utawaambia wao. Useme vizuri, kwa sauti. Bwana Hamisi leo yuko Bariadi mjini, lakini akirudi nitamweleza jinsi ulivyosimama mbele ya wazee." Kwa hiyo nililala nikipanga maneno, namna unavyopanga hotuba ya kufunga shule. Na asubuhi Mama akasema yale niliyowaeleza mwanzo.

Kikao kilianza kwa Njile kusema kwamba ngitili imeliwa kwenye mtelemko wa nyumba ya mbao, na kwa kuwa hakuna ng'ombe aliyesikika, basi labda ni wageni wa Baba wanaokula majani. "Watu waliolipia hewa," alisema, "kesho watalipia na nyasi." Wazee wakacheka. Baba alikunja uso. Akasema, nina mtu anayelala pale, akaniita.

Nakumbuka ardhi ya moto chini ya nyayo. Namkumbuka Maduhu amekaa mwisho kabisa, pamoja na vijana wengine, mikono juu ya magoti, ananitazama bila chuki, kama mtu anayesubiri kusikia gunia linasema nini. Mzee mmoja aliniambia kwa Kisukuma kwamba mimi ni mtoto na nisipotaka kusema niende zangu nikacheze. Ilikuwa mara ya pili siku ile kufunguliwa mlango.

Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili cha shule, kilichonyooka, huku mikono iko nyuma. Nilieleza saa, nilieleza mahali, nilieleza idadi ya ng'ombe, nilieleza pamba ndani ya kengele, na hapo wazee waliguna kwa mshangao, nami nikafurahia mguno ule. Mwisho nikataja jina. Nilieleza kila kitu isipokuwa mbavu.

Nimejaribu maisha yangu yote kusema kwamba nilisahau. Si kweli. Nilizikumbuka nikiwa nimesimama pale pale. Niliziacha kwa sababu zingeharibu mtiririko.

Baba alikaa chini. Hakuwa amejua. Wazee wakaamua kama inavyoamuliwa: aliyevunja ngitili atoe fahali mmoja achinjwe, aliwe kwa pamoja, aombe radhi, liishe. Baba akasema haraka kwamba fahali yupo, atamtoa yeye. Lingeisha pale. Sisi ni watu wa kumaliza mambo.

Maduhu alisimama. Alisema kwa adabu, hakupaza sauti, aliwasalimu wazee mmoja mmoja kwa ukoo wake. Kisha akasema fahali hatatoka.

"Mkimchinja fahali," alisema, "mtakuwa mmesema ng'ombe ndiye aliyekosea. Ng'ombe hajakosea. Fahali na atolewe na aliyezizuia nyasi."

Njile, ambaye alikuwa amefurahi mwanzoni, akamsihi sasa yeye mwenyewe akubali, aache ujana. Baba akamsihi. Maduhu akatikisa kichwa. Alipokuwa akiondoka alipita karibu nami, akaniinamia sikioni, akasema, "Ulisahau mbavu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mwalimu anayekurudishia daftari.

Anayekataa hukumu ya wazee kwetu hapigwi. Anaachwa. Hasalimiwi, hapewi moto, hachotewi maji, haketi na mtu kula, mpaka arudi na kuomba. Baba alilitii neno la wazee. Mama hakulitii. Kila jioni alipika chungu cha pili na kukiweka karibu na zizi, na mtu akimuuliza alisema amekisahau pale, kwamba uzee unamjia vibaya. Alikuwa bado hana mvi. Njile mwenyewe alimwonya, Mama akamjibu kwamba wakitaka kumtenga na yeye wamtenge, atapata nafasi ya kulala mchana kama wageni wa mjini. Hawakumgusa.

Mimi je? Siku ya tatu nilikutana na Maduhu kwenye njia ya kisima. Njia nyembamba, hakuna mtu mwingine, hakuna ambaye angejua. Akasema, "Mwangaluka, mdogo wangu." Salamu ya asubuhi, ile ambayo hata mgeni usiyemjua unamwitikia. Nilikuwa na ndoo ya maji ya Mama Rehema. Niliangalia maji, nikapita. Alinisalimu tena siku ya nne na ya tano, mahali pale pale, nadhani alikuwa akinisubiri. Siku ya sita hakuwepo.

Aliondoka mchana wa siku hiyo, jua la utosi, na alitaka aonekane. Alimchukua yule jike wa kijivu na ndama wake, ambao Baba alikuwa ameshamwambia tangu zamani kuwa ni wake, akatoa pamba yote kwenye kengele, akapita katikati ya ngitili. Hakupita pembeni. Alipanda kilima moja kwa moja kuelekea nyumba ya mbao, kengele ikigonga kwa kila hatua ya ng'ombe, vumbi, inzi, harufu, kila kitu ambacho Baba alikuwa amekificha kwa majuma matatu. Baba alikuwa anapaka oili kwenye nguzo. Alisimama na brashi ikidondosha matone meusi juu ya mguu wake na hakuusogeza. Nami nilikimbia hadi kibarazani, kwa kweli nilikimbia, nikidhani namwokoa mgonjwa.

Mama Rehema alikuwa ameshaamka kitini. Alitoa kitambaa usoni. Akatembea hadi ukingo wa kibaraza, akapiga magoti kwenye mbao zile zenye oili na nguo yake nyeupe, akanyoosha mkono, na ndama akaulamba.

"Kumbe mna ng'ombe," alisema. "Jamani, si ndicho tulichokuja kukiona? Mbona mlitunyima siku zote hizi?"

Maduhu alimsalimu, shikamoo, kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, akamwacha ndama alambe hadi atosheke. Kisha akateremka upande wa pili wa kilima. Tuliisikia kengele kwa muda mrefu, kwa sababu nchi yetu ni tambarare na hakuna kinachoizuia sauti.

Kesho yake wazee walifungua ngitili. Baba ndiye aliyetoa fahali, wala hakuna aliyemwomba. Watu walikula, wakatawanyika.

Mwaka uliofuata nilifaulu darasa la nne, nikapelekwa Mwanza. Bwana Hamisi alitimiza neno lake na mkewe alinilea vizuri, siwezi kuwalaumu kwa lolote. Siku moja nilijikaza nikamuuliza Mama Rehema ule ugonjwa wake uliponaje. Alicheka mpaka akashika meza. Hajawahi kuumwa, alisema, zaidi ya meno. Alipoona sicheki akaacha, akaniuliza nina nini. Nikasema hamna kitu.

Nimekwisha kuwaeleza kwamba niliamini yule mama angekufa. Ni kweli niliamini. Lakini nisingejificha nyuma yake hata leo. Mtu anayeogopa mgonjwa atakufa hupiga kelele alfajiri ile ile. Mimi nilisubiri mpaka nipate wasikilizaji.

Nikafika kidato cha nne, nikawa karani wa pamba, nikaoa, nikajenga kwa matofali. Nyumba ya mbao iliachwa bila oili Baba alipofariki, mchwa wakaimaliza kwa misimu miwili. Habari za Maduhu zilikuja kwa vipande: yuko Kimali kwa watu wa Mama, kisha amevuka kusini na makundi ya wafugaji wanaotafuta majani, kisha bonde la Rukwa, ana zizi kubwa. Mama kila alipomwona mtu aliyetoka kusini alimuuliza. Alizeeka akiuliza. Nilikuwa na likizo kila mwaka, nilikuwa na mshahara, nilijua jina la kijiji. Sikwenda. Nilimwambia nafuatilia. Nilikwenda baada ya kumzika Mama, ili nimpelekee Maduhu habari.

Nilimkuta kwenye boma lake, mzee mwenye mgongo ulionyooka, amezungukwa na wajukuu. Nilisema jina langu. Akanitazama muda, akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Nilimweleza kuhusu Mama, akageuka akatazama zizi, akakaa hivyo mpaka kivuli cha nguzo kikasogea. Kisha akaanza kunikirimu. Akaagiza kiti chenye mgongo, akaagiza mto. Akaagiza nikaangiwe mayai. Nikaanza kusema nilichokuja kukisema, kwamba zile mbavu nilizikumbuka, nikaziacha makusudi. Aliinua kiganja, kwa upole kabisa, kama unavyomzuia mtu asijichoshe. Halafu akamwita mjukuu wake mkubwa, akamwambia kwa Kisukuma, kwa sauti niliyoweza kuisikia vizuri:

"Wapelekeni ng'ombe wote ng'ambo ya mto mpaka jioni. Tuna mgeni kutoka mjini, anapumzika."

Wakaondolewa. Mamia ya ng'ombe, wakapita mbele yangu wakaenda, na boma likabaki safi na kimya. Nilikaa kwenye kiti kile chenye mto nikila mayai. Nilipoondoka alinisindikiza hadi njiani, akanishika mkono, akasema karibu tena, mgeni wetu. Hakuwa na hasira. Mwenye hasira angeniita mdogo wake.

Alikufa miaka michache baadaye, nikaarifiwa baada ya msiba kumalizika, jinsi wanavyoarifiwa watu wa mbali.

Neema aliponisikiliza mpaka hapa, pale nje ya nyumba yake ya kukodi, alisema tena, kwa sauti ndogo, kwamba nilikuwa mtoto. Nikamwambia aende akalale. Wanaotaka kunipunguzia wasinipunguzie, nimebeba kwa miaka mingi na mgongo bado uko. Nilisimama mbele ya wazee kwa hiari yangu, nikapata shule. Bei yake ilikuwa kaka niliyezaliwa naye tumbo moja, aliyekaa nje juani ili mimi nikae darasani. Nilikuwa na kaka mmoja tu, na tangu asubuhi ile sikuwa naye tena.